Kodi ya kaboni kwa wazalishaji wa umeme: namna ya kuiunda hatua kwa hatua, na wapi wengine wameteleza

Watu wakianza kuongelea kodi ya kaboni kwenye umeme, yaani kumtoza mzalishaji kwa kila tani ya hewa ukaa anayotoa, swali la kwanza linalotoka ni "tutoze dola ngapi kwa tani?" Hilo lisubiri kwanza. Cha kuanza nacho ni hiki: leo saa nane mchana, nani ameamua mtambo upi uwake na upi ukae kimya, na je hiyo kodi ilimfikia huyo mtu kabla hajaamua? Kama haikumfikia basi umetunga ushuru wa kawaida tu wenye jina zuri, hela utakusanya lakini moshi utabaki palepale.

Mwongozo huu ni wa mtu wa wizara, wa mamlaka ya udhibiti, mwanafunzi anayeandika tasnifu, au wewe uliyeambiwa na bosi "niletee rasimu Ijumaa". Nitatumia sana Uingereza, Chile na Afrika Kusini maana zote tatu zimetoza wazalishaji wa umeme na matokeo yamepishana vibaya mno, halafu hapa na pale nitagusa Australia na Finland. Huku kwetu Afrika Mashariki nitakuja pale inapohusu kweli.

Hatua ya 1: Chora namna mitambo inavyopangwa

Kwenye gridi yoyote kuna chumba cha udhibiti, na kuna orodha. Mtambo wenye gharama ndogo ya kuzalisha uniti moja zaidi unawashwa kwanza, unaofuata unawashwa wa pili, mpaka mahitaji yafike. Maji, upepo, jua na nyuklia huwa juu ya orodha maana gharama yao ya kuongeza uniti ni ndogo sana, halafu yanakuja makaa ya mawe na gesi yakigombania nafasi ya kati, mwisho kabisa dizeli. Kazi ya kodi ya kaboni kwa muda mfupi ni moja tu: kubadilisha huo mpangilio, makaa yashuke gesi ipande. Kwa muda mrefu inabadilisha mtambo gani unajengwa, lakini mwekezaji naye anaangalia orodha hiyohiyo, anajiuliza mtambo wangu utawaka saa ngapi kwa mwaka.

Sasa kuna aina mbili za nchi. Kuna zenye soko, kila kituo kinauza umeme kwa bei yake, na hapo kodi inaingia yenyewe kwenye bei maana mwenye kituo hataki kuzalisha kwa hasara. Uingereza ni hivyo. Halafu kuna zenye mnunuzi mmoja, shirika la taifa linanunua kutoka kwa wazalishaji binafsi kwa mikataba ya miaka 20 na zaidi na lenyewe ndo linapanga nani awake, na nchi zetu nyingi zimekaa hapo au jirani na hapo. Ukichukua sheria ya Uingereza ukaibandika kwenye nchi ya mnunuzi mmoja, mzalishaji atalipa kodi, atamtumia mnunuzi ankara, mnunuzi ataisukuma kwenye bili ya mama mwenye friji moja, na mpangilio wa mitambo hautasogea hata kidogo.

Chile ndo mfano wa kusoma kwa makini. Walipitisha kodi kwenye mageuzi ya kodi ya 2014, dola 5 kwa tani, ikaanza kuhesabiwa 2017 kwa mitambo yenye uwezo wa kuanzia megawati 50 za joto (yaani joto la fueli inayochomwa, sio umeme unaotoka). Kimaandishi ilikuwa kitu kizuri, nchi ya kwanza Amerika Kusini kutoza moshi kwa kuupima kwenye bomba lenyewe. Lakini ndani ya sheria hiyohiyo kukawekwa kwamba kodi haitahesabiwa kwenye gharama inayotumika kupanga mitambo. Soma tena hapo. Yaani mratibu wa gridi akipanga nani awake anajifanya kodi haipo, makaa yanaendelea kukaa nafasi yake ileile. Na haikuishia hapo, kituo ambacho kikijumlisha kodi kinaonekana kinapata hasara kwa bei ya soko kinafidiwa tofauti, na fidia inachangiwa na wazalishaji wote, hadi wenye upepo na jua. Asiyetoa moshi anamchangia anayetoa! Dola 5 ni ndogo kweli, ila hata wangeweka 50 kwa mtindo huo, uwashaji wa kila siku ungebaki vilevile.

Kwa hiyo kabla hujaandika kifungu chochote, nenda chumba cha udhibiti, omba fomula wanayotumia kupanga mitambo, uone kama kuna mahali pa kuingiza gharama ya kaboni. Kama nchi yako ni ya mnunuzi mmoja, sheria iseme wazi kabisa: mpangaji wa gridi atajumlisha kodi ya kaboni kwenye gharama ya kila mtambo anapopanga. Sentensi moja tu, lakini bila hiyo yote yanayofuata ni mapambo.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kila mtambo, mmoja mmoja

Usitumie wastani wa nchi. Unataka tani za hewa ukaa kwa kila MWh (megawati-saa, yaani uniti 1,000 za umeme) kwa kila mtambo. Hesabu yenyewe ni nyepesi: chukua kilo za hewa ukaa kwa gigajuli moja ya fueli (gigajuli ni kipimo cha nishati), zidisha kwa 3.6 kwa sababu MWh moja ni gigajuli 3.6, gawanya kwa ufanisi wa mtambo, yaani sehemu ya nishati ya fueli inayogeuka umeme, kisha gawanya kwa 1,000 upate tani. Viwango vya kawaida vya jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, ni kilo 56.1 kwa gesi asilia, 74.1 kwa dizeli, 77.4 kwa mafuta mazito, 94.6 kwa makaa ya mawe ya kawaida na 101 kwa yale makaa laini ya kahawia.

Tukiweka ufanisi wa mfano inakuja hivi:

- Makaa, ufanisi asilimia 35: tani 0.973 kwa MWh
- Makaa, kituo kizee cha asilimia 30: tani 1.135
- Dizeli, asilimia 38: tani 0.702
- Gesi, turbaini moja ya kawaida, asilimia 33: tani 0.612
- Gesi, mzunguko wa pamoja unaotumia tena joto la moshi, asilimia 50: tani 0.404

Ona gesi na gesi zinavyopishana, 0.612 na 0.404, fueli ni ileile. Ndo maana kodi ikitengenezwa vizuri haipiganishi makaa na gesi tu, inapiganisha pia mtambo mzee na mpya wa fueli moja.

Tahadhari kidogo hapa. Ufanisi ulioandikwa kwenye kibao cha mtambo ni wa siku ulipokuwa mpya na unafanya kazi kwa mzigo kamili. Mtambo unaowashwa na kuzimwa kila siku, au unaokaa nusu mzigo, unakula fueli zaidi kwa kila uniti. Chukua risiti za fueli za mwaka mzima na usomaji wa mita ya kutolea umeme, gawanya, utapata ukweli.

Hatua ya 3: Tafuta bei inayogeuza orodha

Hapa ndo unapata jibu la "dola ngapi", na linatoka kwenye hesabu, sio kwenye semina hotelini. Bei ya kugeuza ni tofauti ya gharama ya fueli kati ya gesi na makaa, ukigawa kwa tofauti ya tani zao.

Tuseme fueli ya makaa inagharimu dola 30 kwa MWh na ya gesi dola 45. Tofauti ni 15. Tofauti ya tani ni 0.973 kutoa 0.404, yaani 0.569. Kumi na tano gawanya kwa 0.569 unapata kama dola 26.4 kwa tani. Chini ya hapo makaa yanaendelea kuongoza, ukipita hapo gesi inamruka. Sasa gesi ipande iwe dola 90, kama ulivyoona Ulaya 2022 bei zilivyoenda mbinguni, tofauti inakuwa 60 na bei ya kugeuza inaruka hadi dola 105 hivi. Ina maana kiwango kimoja kinaweza kufanya kazi mwaka huu na mwaka kesho kikawa bure kabisa, na wewe hujagusa kitu.

Rudia hesabu hii kwa kila jozi ya mitambo, chora mstari, utaona kuna bei ambazo ukipita mitambo mingi inageuka kwa mpigo na kuna sehemu ndefu ambazo ukiongeza kodi hakuna kinachobadilika zaidi ya mapato. Lenga zile za kwanza.

Uingereza walibahatika au walijua, sijui tuseme lipi. Aprili 2013 walianzisha kodi juu ya fueli za kuzalishia umeme ili kuziba udhaifu wa soko la kaboni la Ulaya, ambako kampuni zinauziana vibali vya kutoa moshi, na ambalo bei yake ilikuwa imeporomoka hadi karibu euro 5. Walianza na pauni 4.94 kwa tani, mwaka uliofuata 9.55, Aprili 2015 ikapanda hadi 18.08. Makaa yalikuwa yanatoa kama asilimia 40 ya umeme wao 2012, 2015 ikawa kama 22, 2016 ikawa 9, na 2020 ilikuwa karibu 2. Tarehe 21 Aprili 2017 walipitisha siku nzima bila makaa, ya kwanza tangu mapinduzi ya viwanda, na 30 Septemba 2024 kituo cha mwisho cha makaa, Ratcliffe-on-Soar, kikazimwa. Sio kodi peke yake iliyofanya hivyo, kanuni za Ulaya za uchafuzi wa hewa zilishafunga vituo kadhaa vizee, bei ya gesi ilishuka na upepo wa baharini ulikuwa unaongezeka. Lakini kule kuporomoka kwa 2015 kwenda 2016 ndo bei ya kugeuza ikifanya kazi yake mchana kweupe: pauni 18 juu ya bei ya Ulaya ilitosha kuivusha gesi mbele ya makaa.

Na kumbuka walikuwa na mitambo ya gesi tayari, imekaa haina kazi. Nchi ambayo haina gesi wala akiba ya mitambo mingine haina pa kugeukia kesho asubuhi, kodi ikiingia inalipwa tu mpaka mtambo mwingine ujengwe. Hapo anza na kiwango kidogo lakini ratiba ionekane mbali, ili mwekezaji aione.

Hatua ya 4: Chagua pa kutozea

Sehemu ni tatu: kwenye fueli inapoingia, kwenye bomba la moshi, au kwenye uniti ya umeme inapotoka.

Kwenye uniti ya umeme ni rahisi kukusanya lakini kwa lengo letu haina maana, uniti ya makaa na uniti ya maji zinalipa sawa. Finland walianza 1990 kwa kutoza fueli, kisha 1997 wakahamia kutoza umeme unaotumika, sababu kubwa ikiwa biashara ya umeme na majirani, na walipohama wakapoteza ile nguvu ya kumtofautisha mchafu na msafi.

Kwenye bomba la moshi unapata usahihi, ila unahitaji vifaa vya kupima saa zote, wataalamu wa kuvikagua, na ofisi ya mazingira yenye meno. Chile wamejenga huo mfumo na kwa upande wa vipimo wanastahili pongezi.

Mimi ningeshauri fueli, hasa kwa nchi ambayo inaanza. Kaboni iliyomo kwenye gesi au makaa haina pa kwenda, ikichomwa karibu yote inatoka kama hewa ukaa, kwa hiyo ukijua fueli iliyoingia umejua moshi. Uingereza hawaandiki kwenye sheria pauni 18 kwa tani na kumwacha kila mtu apige hesabu zake, wamegeuza kuwa viwango vya fueli: pauni 0.00331 kwa kWh ya gesi, pauni 1.5479 kwa gigajuli ya makaa. Ofisa wa kodi anahitaji ankara za fueli na kikokotoo tu. Mfumo wa ushuru wa mafuta upo tayari karibu kila nchi, unapanda juu yake.

Udhaifu wake ni gesi inayovuja njiani kabla ya kufika kituoni, maana methani, ambayo ndo gesi asilia yenyewe kabla haijachomwa, ni kali kuliko hewa ukaa kwa mbali sana na kodi ya kituoni haiioni. Hiyo itozwe kwa sheria nyingine, kwa mwenye kisima na mwenye bomba, usiichanganye humu.

Hatua ya 5: Nani yumo, nani hayumo

Uingereza wanaacha mitambo midogo isiyozidi megawati 2, Afrika Kusini wanaanzia megawati 10 za joto, Chile walianzia 50 kisha wakabadilisha kigezo kuanzia 2023 kuwa tani 25,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Kigezo cha uwezo wa mtambo kina mtego, mwenye kituo cha megawati 12 anakugawia kampuni mbili za 6 na 6 kwenye kiwanja kimoja. Andika kwamba mitambo yote iliyo eneo moja au chini ya mmiliki mmoja inajumlishwa.

Upande wa pili wa mstari kuna majenereta ya hoteli, ya minara ya simu, ya viwanda. Ukimtoza mkubwa tu, umeme wa gridi unapanda na mwenye kiwanda anawasha dizeli yake, tani 0.702 au zaidi kwa MWh, umehama kutoka kwenye moshi mmoja kwenda mwingine. Dawa yake ni kutoza dizeli kwenye ghala la mafuta kwa kiwango kilekile cha tani. Afrika Kusini waliweka tozo ya kaboni kwenye lita za petroli na dizeli mwaka huohuo wa 2019 walipoanza kodi ya kaboni yenyewe.

Kuni na mabaki ya mimea ni ugomvi mwingine. Uingereza hawatozi, na kituo kikubwa cha Drax, kilichokuwa cha makaa, kilihamia kuchoma vidonge vya mbao vinavyoletwa kwa meli, vingi kutoka Marekani. Miti inaota tena, sawa, lakini inachukua miaka mingapi na nani anahesabu? Kama utatoa msamaha kwa mimea, ufunge kwa masharti: mabaki ya shamba na kiwanda kama ya miwa ruksa, magogo ya msitu hapana.

Hatua ya 6: Ratiba ya bei, na namna ya kuifunga isichezewe

Uingereza walitangaza njia ya kupanda hadi pauni 30 mwaka 2020 na 70 mwaka 2030. Haikufika. Bajeti ya 2014 ikagandisha pauni 18 kuanzia 2016 na imeendelea kukaa hapo, huku mfumuko wa bei ukiila kimyakimya. Afrika Kusini walianza na randi 120 Juni 2019, 2024 ikafika 190, 2025 ikawa 236, na ratiba inaonyesha 462 ifikapo 2030. Australia waliweka dola 23 za kwao Julai 2012, mwaka uliofuata 24.15, na Julai 2014 serikali mpya ya Tony Abbott ikafuta kila kitu, maana uchaguzi mzima ulikuwa umepiganiwa hapo.

Kwa hiyo kwenye sheria mama, sio kwenye kanuni za waziri, weka vitu hivi: kiwango cha kila mwaka kwa angalau miaka 10, kupanda kwa mfumuko wa bei bila kuombwa, na sharti kwamba kupunguza lazima kurudi bungeni na kutangazwa miaka miwili kabla. Haizuii kufutwa, hakuna kitu kinachozuia bunge, lakini inafanya kugandisha kimyakimya kuwe kugumu. Mwekezaji wa mtambo wa miaka 30 anaogopa kigeugeu kuliko anavyoogopa kiwango kikubwa.

Hatua ya 7: Unafuu bila kuua kodi

Hapa ndo kodi nyingi zinafia, kwa hiyo tukae kidogo.

Afrika Kusini kiwango kilikuwa randi 120, lakini kila mlipaji anapewa asilimia 60 ya moshi bila kodi, na nyongeza nyingine zinaweza kufikisha 95. Fanya hesabu: kwa asilimia 60 unalipa randi 48 kwa tani, kwa 95 unalipa randi 6, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya nusu dola. Halafu Eskom, shirika la umeme la taifa, ambayo ndo inachoma makaa mengi kuliko mtu mwingine yeyote nchini humo, iliruhusiwa kukata kwenye kodi yake ule ushuru wa zamani wa umeme wa senti 3.5 kwa kWh na gharama ya kununua umeme jadidifu, kwa sababu serikali iliahidi kodi haitapandisha bei ya umeme mpaka mwisho wa 2022, ikasogeza hadi mwisho wa 2025. Naelewa kwa nini, nchi ilikuwa inakatiwa umeme kwa ratiba na bei zilishapanda vibaya. Ila matokeo yake ni kwamba anayetoa moshi mwingi zaidi ndo aliyeisikia kodi kidogo zaidi.

Tatizo sio kutoa unafuu, tatizo ni kuutoa kwa asilimia ya moshi. Ukimwambia mtu "asilimia 60 ya moshi wako ni bure", umempunguzia bei ya kila tani, kwa hiyo hata tani anayofikiria kuiacha imekuwa rahisi. Toa unafuu kwa uniti za umeme anazozalisha.

Mfano kwa namba zetu, kodi dola 20 kwa tani. Bila unafuu makaa analipa 0.973 mara 20, yaani dola 19.46 kwa MWh, gesi analipa 8.08, tofauti 11.38. Sasa weka kiwango cha bure cha tani 0.5 kwa kila MWh kwa wote wanaochoma fueli. Makaa analipa kwa tani 0.473, dola 9.46. Gesi yuko chini ya kiwango kwa tani 0.096, anarudishiwa dola 1.92. Tofauti kati yao? 11.38 ileile! Mpangilio wa mitambo unageuka vilevile lakini bei kwa mteja haipandi sana. Sasa jaribu mtindo wa asilimia 60: makaa 7.78, gesi 3.23, tofauti 4.55 tu. Umetoa unafuu na umeua zaidi ya nusu ya nguvu ya kodi.

Gharama ya njia hii ni kwamba mapato yanakuwa madogo, na mteja haoni sababu ya kubana matumizi. Pia ni lazima kiwango cha bure kiwe kimoja kwa makaa na gesi, wakija wenye makaa wakakuomba wawekewe chao cha peke yao, kataa, maana hapo umerudi ulipotoka. Na kiwe kinashuka kila mwaka.

Hatua ya 8: Umeme unaovuka mpaka

Uingereza hawatozi umeme unaoingia kwa nyaya za chini ya bahari kutoka Ufaransa na kwingine, kwa hiyo mwenye kituo cha gesi ndani analipa pauni 18 na mwenzake ng'ambo halipi hiyo nyongeza, na uagizaji ukapata faida. Ireland Kaskazini waliachwa nje ya kodi kabisa kwa sababu tangu 2007 kisiwa kizima cha Ireland ni soko moja la umeme, wangetozwa wao tu mitambo ingezimwa kaskazini na kuwashwa kusini.

Dawa ni kutoza umeme unaoingia, lakini kwa akili. Finland waliwahi kutoza umeme wa nje kwa kiwango kimoja cha jumla huku wa ndani ukitozwa kutegemea ulivyozalishwa, kampuni ya Outokumpu ikaenda mahakamani na 1998 Mahakama ya Ulaya ikasema ni ubaguzi. Andika kiwango cha msingi kwa umeme wa nje kisha mpe muagizaji haki ya kuthibitisha chanzo. Kenya kwa mfano inanunua umeme wa maji wa Ethiopia tangu 2022, kwa utaratibu huo ungepita bila kutozwa, kama inavyotakiwa.

Hatua ya 9: Mikataba ya zamani

Kabla ya kusaini chochote, mpe mwanasheria mikataba yote ya kuuziana umeme atafute kifungu cha mabadiliko ya sheria. Karibu kila mkataba wa mzalishaji binafsi una kifungu kinachosema kodi mpya italipwa na mnunuzi. Kenya gharama ya fueli ipo kwenye bili kama mstari wake kabisa, mwezi wa ukame majenereta yakiwaka watu wanauona unavyopanda. Kodi ya kaboni ingepita hapohapo.

Kuvunja mikataba usijaribu, utaishia kwenye usuluhishi wa kimataifa na kulipa zaidi. Uzuri ni kwamba kama ulifanya hatua ya kwanza vizuri, haikuzuii: mzalishaji anarudishiwa kodi yake, sawa, lakini mpangaji wa gridi anauona mtambo wake kuwa ghali na anamwita mara chache. Kinachobaki kukuumiza ni ile malipo ya kuwa tayari, ambayo analipwa awake asiwake, na mkataba ambao unakulazimisha kuchukua kiasi fulani cha umeme au kulipia tu. Mikataba mipya ikatae vyote viwili kwa mitambo ya makaa na mafuta mazito.

Hatua ya 10: Hela

Kwenye nchi ya soko, mtambo wa mwisho kuwashwa ndo unaweka bei ya wote. Gesi ikilipa dola 8.08 zaidi, bei ya kila MWh inapanda karibu hivyo, hata ya nyuklia na maji ambao hawajalipa senti. Hiyo faida ya bure inatoka mfukoni mwa mteja, kwa hiyo angalia kama wenye mitambo hiyo wana mikataba ya bei maalumu, na kama hawana fikiria tozo ya faida hiyo.

Mapato mengine rudisha yaonekane. Australia walipandisha kiwango cha mapato kisichotozwa kodi kutoka dola 6,000 hadi 18,200, watu wakapata unafuu mkubwa, ila ulipita kimya kwenye mshahara huku bili ya umeme ikija na sauti, na siasa ikapotea hapo. Ningerudisha kwenye bili yenyewe au kwenye tokeni: mistari miwili, kodi hii, marejesho haya, uniti za mwanzo za kaya ndogo zipate zaidi.

Hatua ya 11: Mita, karatasi na faini

Mlipaji alete kila mwezi risiti za fueli, matokeo ya maabara ya ubora wa makaa, na usomaji wa mita ya umeme. Wewe gawanya fueli kwa umeme. Kituo cha makaa kikikuletea ufanisi wa asilimia 48 wakati ni cha miaka 40, kuna malori ambayo hayajaandikwa. Linganisha pia na kumbukumbu za chumba cha udhibiti, maana huko saa za kuwaka hazidanganyi, na kwa makaa ya kuagizwa linganisha na forodha.

Mkusanyaji awe mamlaka ya mapato, kama Afrika Kusini ambako SARS wanakusanya kupitia mfumo wa forodha na ushuru, lakini namba zithibitishwe na watu wa mazingira, ofisi mbili tofauti. Malipo yawe ya kila robo mwaka, ukisubiri mara moja kwa mwaka kampuni yenye madeni itakuwa imeshatumia hela yako. Na faini ya tani iliyofichwa iwe mara tatu ya kodi yenyewe na kodi bado idaiwe pale pale, maana faini ikiwa sawa na kodi kila mtu atasubiri akamatwe kwanza.